Habari za kupatwa kwa jua zisimkejeli Mhindu wala kumtisha mja mzito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mambo mawili yaliyochapishwa na gazeti hili ndani ya juma moja. La kwanza ni habari fupi iliyosema kwamba Wahindi, hadi leo, huamini kuwa jua likipatwa huwa limemezwa na jini, na kwamba hiyo ndiyo sababu yao ya kukimbilia mitoni kuoga. La pili ni safu ya nyota, ambayo mwandishi wake alijinasibisha na unajimu wa Kiveda, yaani unajimu wa Kihindu uliopewa jina la Veda, maandiko yao matakatifu ya kale, kisha akawagawia wenye nyota zote kumi na mbili hofu zao: huyu atafilisika, yule ataachwa na mwenzi wake, na kila mja mzito, popote alipo duniani, ajifungie ndani na asiguse kisu. Habari ile iliwakejeli watu, na safu ile iliwatisha watu. Kwa maoni yangu makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu yote yanaitaja elimu ya wenyewe bila kuyataja masharti ambayo wenyewe wameiwekea.

Mimi si Mhindu wala si mnajimu. Nilisoma Coimbatore, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, na asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2019 nilikuwa hapo jua lilipopatwa kwa umbo la pete. Nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, aliyeishi na mwanawe, mkwewe na wajukuu wawili. Nilimwita Patti, neno la Kitamil lenye maana ya bibi, kama walivyomwita watoto wote wa mtaa ule.

Ukutani jikoni kwake palining'inia panchangam, kalenda ya Kihindu ambayo jina lake lina maana ya viungo vitano, kwa kuwa kila siku huonyesha mambo matano, yakiwamo siku ya mwezi na manzili ambayo mwezi umefikia kati ya manzili zake ishirini na saba. Kwa siku ile kalenda ilikuwa imechapisha nyakati tatu: sparsha, yaani kugusa, mwezi unapoanza kuliingilia jua, saa mbili na dakika chache asubuhi, madhya, yaani katikati, yapata saa tatu na nusu, na moksha, yaani kufunguliwa, muda mfupi baada ya saa tano. Moksha ni neno lilelile ambalo Wahindu hulitumia kwa roho iliyotoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na sijasikia neno linalolifaa jua linalorudi kuliko hilo.

Patti alianzia kwenye sparsha akahesabu kwa vidole kurudi nyuma. Katika hesabu ya kale, usiku na mchana hugawanywa kuwa prahara nane za saa tatu tatu. Jua likipatwa hurudishwa nyuma prahara nne, yaani saa kumi na mbili, na mwezi ukipatwa hurudishwa prahara tatu, yaani saa tisa. Muda huo, unaojulikana sana kwa jina la sutak, ndio muda wa kujizuia: hakupikwi, hakuliwi, sanamu za ibada haziguswi, na jambo jipya halianzishwi. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulikula mapema, na ilipotimu saa mbili za usiku wa tarehe 25 moto ulikuwa umezimwa, sufuria zimeoshwa, na chakula kilichobaki kimekwisha kugawiwa, kwa sababu chakula kilichopikwa hakilazwi hadi jua lipatwe. Vile visivyoweza kutupwa, kama maziwa, achari na maji ya mtungini, alivitilia unyasi mmoja mmoja wa darbha. Kaskazini mwa India wengi hutumia jani la tulsi, mmea wa jamii ya kivumbasi.

Yapo mengine ambayo hayamo katika kalenda. Asubuhi wajukuu walijaza maji katika sinia la shaba na kuusimamisha mchi katikati, wakashangilia ulipobaki wima, kwa kuwa husemwa kwamba mchi husimama wenyewe wakati jua limepatwa. Siku chache baadaye niliujaribu mchi uleule na ukasimama vilevile. Nilipomwambia Patti, alisema kwamba alilijua hilo tangu utotoni, ila watoto waliozuiwa kula na kutoka nje wanahitaji kitu cha kuwashughulisha.

Jambo ambalo sijalisahau lilimhusu mkwewe, aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Tangu alfajiri wanajimu wa televisheni walikuwa wakizungumza bila kupumua, na saa moja asubuhi shangazi mmoja alipiga simu kusema kwamba mja mzito asinywe hata funda la maji mpaka moksha ipite, la sivyo mtoto atazaliwa na mdomo uliopasuka. Binti yule alikuwa ameanza kulia. Patti aliichukua simu, akamsikiliza shangazi hadi mwisho kwa adabu, kisha akamwambia kwamba kufunga huku hakumhusu mtoto mdogo, wala mgonjwa, wala mzee aliyechoka, wala mwenye mimba, na kwamba hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, ambaye alikuwa mtu wa mahekalu. Alimletea mkwewe maji ya mtungini, na saa nne akampa ndizi mbili. Alimwomba abaki ndani, na binti akabaki ndani bila kinyongo. Mtoto alizaliwa Machi, mzima wa afya. Simtaji mtoto huyo kama ushahidi wa kisayansi, kwa maana madaktari hawakuhitaji kumngojea yeye ili wajue kwamba kivuli cha mwezi hakipasui mdomo wa mtoto tumboni, na kwamba kumnyima maji mja mzito ndiko kunakoweza kumdhuru. Ninamtaja kwa sababu masharti ya dini ya bibi yule yalikuwa mapole kuliko televisheni, na yalikuwa mapole kuliko safu yako ya nyota.

Sasa nirudi kwenye jini. Kisa chenyewe kinasimuliwa hivi: miungu na maasura, yaani majini mahasimu wao, waliivuruga bahari ya maziwa wakapata amrita, kinywaji cha kutokufa. Asura mmoja, Svarbhanu, alijibadilisha akaketi katika safu ya miungu na kunywa. Jua na mwezi walimtambua wakamshtaki kwa mungu Vishnu, naye akamkata shingo kwa gurudumu lake kabla kinywaji hakijashuka kifuani. Kichwa, kilichokwisha kuonja kutokufa, kikawa Rahu, na kiwiliwili kikawa Ketu. Na tangu hapo Rahu huwafukuza washtaki wake, humdaka mmoja wao akammeza, naye hutokea tena kooni kwa kuwa hakuna tumbo la kumweka. Jina la Svarbhanu ni la kale kuliko kisa hiki. Limo katika Rig Veda, mkusanyo wa kale wa tenzi takatifu, utenzi wa 40 wa kitabu cha tano, ambapo anaelezwa kuwa amelichoma jua kwa giza, na mwonaji Atri analipata tena kwa sala. Humo hakuna Rahu wala kichwa kilichokatwa.

Hicho ni kisa, na Wahindu wanakijua kuwa ni kisa kwa namna ambayo habari yako haikuieleza. Aryabhata, aliyezaliwa mwaka 476 na kuandika kitabu chake cha hesabu na falaki mwaka 499, alieleza bila kumumunya maneno kwamba mwezi ndio unaolifunika jua, na kwamba kivuli cha dunia ndicho kinachoufunika mwezi. Katika karne ya sita Varahamihira, ambaye wanajimu wa Kiveda wanamhesabu miongoni mwa wakuu wao kabisa, aliifungulia habari ya Rahu sura nzima. Akataja dalili ambayo kila mwenye subira anaweza kuithibitisha kwa macho yaliyokingwa vizuri: jua huanza kuliwa upande wake wa magharibi na mwezi huanza upande wake wa mashariki, jambo ambalo lisingekuwa hivyo kama mlaji angekuwa mmoja. Kisha akakitafutia kisa mahali pake, akisema kwamba mungu Brahma alimjalia Rahu apate fungu lake katika sadaka zitolewazo wakati wa kupatwa. Yaani alikataa kwamba Rahu ni sababu, lakini hakumfukuza katika ibada. Naiona kuwa ni hekima kubwa kwa mtu wa zama zile, na hata wa zama zetu.

Si wote walioridhika na suluhu hiyo. Brahmagupta, aliyeandika mwaka 628, alimlaumu Aryabhata na wenzake kwa kumkana Rahu, akitoa hoja kwamba kama Rahu si sababu, basi kuoga na kutoa sadaka kulikoamriwa kutakosa maana. Na mtu huyuhuyu, katika kitabu hichohicho, anakokotoa upana wa kivuli cha dunia ili ajue mwezi utapatwa kwa kiasi gani. Miaka mia nne baadaye Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyejifunza Kisanskriti na kuandika juu ya India, aliisoma hoja hiyo akasikitika. Alimheshimu mno Brahmagupta kama mwanafalaki, hata akakisia kwamba pengine aliandika maneno yale kwa kuogopa yaliyompata Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyehukumiwa kifo kwa mafundisho yake. Sijui msomaji wa habari ile fupi angepata wapi fununu ya mjadala huu, ambao wenyewe waliufanya kwa karne nyingi, kwa hoja na kwa hesabu, wakati mataifa mengi yalikuwa bado yanapiga ngoma kulifukuza dubwana la angani.

Rahu wa wanajimu, basi, ni kitu gani? Njia ya mwezi imeinama kwa takribani nyuzi tano ikilinganishwa na njia ya jua, kwa hiyo njia hizo mbili hukatana katika pointi mbili zinazotazamana. Pale mwezi unapokata kuelekea kaskazini ni Rahu, na pale unapokata kuelekea kusini ni Ketu. Hazina mwili wala nuru, na ndiyo maana Jyotisha, kama unajimu wa Kiveda uitwavyo, huziita sayari za kivuli na kuzihesabu pamoja na jua, mwezi na sayari tano zionekanazo kwa macho, zikatimia tisa. Pointi hizo hurudi kinyumenyume na kumaliza mzunguko wake kwa takribani miaka 18.6, hivyo Rahu hukaa katika kila buruji, yaani kila moja ya zile nyota kumi na mbili, kama mwaka mmoja na nusu. Jua haliwezi kupatwa kila mwezi unapotoweka, bali pale tu linapokuwa karibu na mojawapo ya pointi hizo, na hilo huja kwa majira yanayopishana kwa karibu miezi sita. Anayesema kwamba jua limeshikwa na Rahu au Ketu na anayesema kwamba mwezi umefika kwenye makutano ya njia wanatumia hesabu ileile, na saa wanayoitaja inaweza kukaguliwa.

Hesabu hiyo iliwahi kukaguliwa kwa namna ya kupendeza. Mwaka 1825 John Warren, aliyekuwa akichunguza kalenda za kusini mwa India, alikutana katika mji wa Pondicherry na mtengenezaji kalenda wa Kitamil ambaye alimkokotolea kupatwa kwa mwezi kwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni mwaka huo akitumia makombe aliyoyapanga chini na mafungu ya namba aliyoyahifadhi kichwani, bila kuandika kitu. Kwa mwanzo wa kupatwa alikosea dakika nne, kwa katikati dakika 23, na kwa mwisho dakika 52. Mtu yule hakuweza kueleza nadharia iliyo nyuma ya hesabu zake, lakini makombe yake yalibeba kazi ya zaidi ya miaka elfu. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta. India ilipotaka kuzipatanisha kalenda zake nyingi, kamati iliyoongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha ilitoa ripoti yake mwaka 1955, na tangu mwaka 1957 serikali imekuwa ikitoa kalenda ya taifa yenye nyakati za kupatwa.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo elimu hii inaposimama imara. Sehemu ya kubashiri ni jambo jingine, na Jyotisha yenyewe inalijua hilo, kwa maana tangu zama za Varahamihira imegawanywa katika tanzu tatu: hesabu za anga, ishara zinazohusu nchi na watu wengi, na kubashiri maisha ya mtu mmoja kwa saa ya kuzaliwa kwake. Habari za kupatwa kwa jua ziliwekwa hasa katika utanzu wa pili, kwa hiyo vitabu vya kale husema juu ya wafalme, mvua, mavuno na majimbo, wala havikuandikwa ili kumwambia karani fulani kwamba mkewe atamwacha. Baadaye ilizuka kanuni ya kumpimia kila mtu athari yake, nayo huhesabiwa kuanzia buruji ambamo mwezi ulikuwa alipozaliwa. Kupatwa kukiangukia buruji ya tatu, ya sita, ya kumi au ya kumi na moja kutoka hapo, kwa mujibu wa kanuni hiyo, ni heri. Kwa kanuni yao wenyewe, basi, wenye nyota nne kati ya kumi na mbili huahidiwa mema. Mwandishi wa safu yako aliwapa wote kumi na wawili mabaya.

Alikosea pia katika msingi. Aliwapangia wasomaji nyota zao kwa tarehe za kuzaliwa, kama wafanyavyo wanajimu wa Magharibi wanaotazama mahali pa jua, ilhali unajimu wa Kiveda hutazama kwanza mahali pa mwezi, na hupima buruji kutoka kwenye nyota zenyewe, jambo ambalo siku hizi linaleta tofauti ya takribani nyuzi 24. Mtu anayeambiwa Magharibi kwamba nyota yake ni Simba anaweza kukuta kwamba kwa Wahindu jua lake limo katika Kaa na mwezi wake katika Samaki. Mimi binafsi siamini kwamba jua kupatwa kunaamua mtu apate au akose. Hata hivyo, anayetaka kuuza ubashiri kwa jina la Veda anapaswa walau kufuata hesabu ya Veda.

Na historia ya bashiri hizi ingemfanya mtu apunguze sauti. Februari 1962 jua, mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali na Ketu vilikusanyika katika buruji ya Mbuzi, na India nzima ikasikia kwamba mwisho wa dunia umefika. Watu waliwasha mioto ya kafara na kusoma mantra, yaani maneno ya sala, usiku na mchana. Siku zilipita salama. Oktoba ya mwaka huo vita na China vilipozuka, wako waliosema kwamba ndivyo vilivyokuwa vimetabiriwa, lakini siku zile hakuna aliyewaambia watu waingoje Oktoba. Mwaka 2019 pia, siku ya pete niliyoiona mimi, vitu sita vilikuwa vimekusanyika katika buruji ya Mshale, na televisheni ikarudia vitisho vilevile.

Lipo sharti moja ambalo lingetosha kuifuta safu ile nzima, nalo ni hili: sutak haishiki mahali ambapo kupatwa hakuonekani. Watengenezaji kalenda wa India hulirudia kila mwaka. Jua likipatwa juu ya bahari ya kusini wakati India ni usiku, hekalu halifungwi, chungu hakiepuliwi, na mja mzito hakatazwi lolote. Hata kupatwa kwa mwezi kwa kivuli chepesi, kule ambako mwezi haufiki kwenye kivuli kizito cha dunia, hakuhesabiwi. Masharti haya yamefungwa kwenye macho ya mtu na mahali alipo. Kumwambia mja mzito popote alipo duniani ajifungie ndani kwa kupatwa asikoweza kukuona ni kumwekea sharti ambalo hata kuhani wa Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu, asingeliweka.

Tena, wenyewe hawafanani katika kuadhimisha. Hekalu kubwa la Tirumala katika jimbo la Andhra Pradesh hufunga milango yake na kusafishwa baada ya moksha; hekalu la Srikalahasti, lililo katika jimbo hilohilo wala si mbali, hubaki wazi, na watu hufurika humo kwa ajili ya ibada ya Rahu na Ketu. Kule Kurukshetra, katika jimbo la Haryana, siku ya jua kupatwa ni siku ya heri kuliko nyingi. Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha Wahindu, husimulia jinsi mungu Krishna na ukoo wake walivyokwenda huko kuoga wakati wa kupatwa, wakakutana na jamaa zao wa siku nyingi, na hadi leo mamia ya maelfu ya watu hukusanyika kwenye ziwa la Brahma Sarovar. Tarehe 21 Juni 2020 pete ilipita juu ya Kurukshetra penyewe, tena siku ya Jumapili, na jua likipatwa siku yake yenyewe ya Jumapili huitwa Chudamani, kito cha utosini, ambacho thawabu zake huhesabiwa kuwa kubwa mno. Ilikuwa fursa ya nadra. Lakini ulikuwa wakati wa Korona, serikali ikazuia mkusanyiko, na ibada ikafanywa na makuhani wachache huku wengine wakioga majumbani mwao. Ninalitaja hili kwa sababu habari yako iliwachora watu hawa kama wasioweza kuyapima mambo.

Sifichi kwamba yapo maovu. Siku ileile nilipokuwa nikitazama pete Coimbatore, wilayani Kalaburagi katika jimbo la Karnataka wazazi waliwafukia watoto wao wenye ulemavu mchangani hadi shingoni, wakitarajia kwamba jua lililopatwa litawaponya. Nilipoziona picha za watoto wale wakilia nilishindwa kula, ingawa moksha ilikuwa imepita. Panchangam haiamrishi jambo kama hilo. Gazeti linalotaka kukemea likemee hapo, kwa nguvu zake zote, badala ya kumkejeli mtu anayefunga saa chache, kuoga na kugawa mchele. Maana ndivyo Patti alivyomaliza siku yake: alioga, akapiga deki nyumba nzima, mwanawe akawamwagia marehemu wao maji yenye ufuta, kisha akapika wali mpya, na sahani ya kwanza akampelekea mzee aliyekuwa akisubiri mlangoni.

Liko na suala la macho, ambalo hakuna habari yako hata moja iliyoligusa. Utando wa nyuma ya jicho hauna hisia ya maumivu, kwa hiyo mtu anaweza kuuchoma kwa kulitazama jua lililofunikwa nusu na asijue hadi saa kadhaa baadaye. Wazee wa India waliowazuia watu kutoka nje waliwaokoa na hatari hiyo, hata kama walitoa sababu nyingine. Na wanaotazama kupitia filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi au taswira ya jua majini wanajidanganya. Sisi wanafunzi tulikuwa na miwani maalumu ya kutazamia jua. Hata hivyo nilichokipenda zaidi hakikuhitaji miwani: chini ya mwarobaini wa uani, kila upenyo kati ya majani uliangusha pete ndogo ya nuru, na kwa takribani dakika tatu ardhi yote ilijaa pete. Tulimwita mkwe wa Patti dirishani akaziona.

Uhusiano wa Wahindi na siku hizi umekuwa ukibadilika, na hiyo nayo ni habari. Tarehe 16 Februari 1980 jua lilipopatwa kikamilifu nchini humo, mitaa ya miji mingi ilikuwa mitupu. Tarehe 24 Oktoba 1995 umati ulikwenda Diamond Harbour na kwenye vijiji vya Rajasthan kutazama giza la takribani dakika moja. Tukirudi nyuma zaidi, tarehe 18 Agosti 1868, Mfaransa Jules Janssen alikuwa Guntur, kusini mwa India, akiuchambua mwanga wa ndimi za moto pembezoni mwa jua lililopatwa, na katika uchunguzi wa mwaka huo ndipo ulipotambuliwa mstari wa manjano wa elementi iliyopewa jina la heli, kutokana na neno la Kigiriki la jua.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Giza kamili litapita kaskazini mwa Afrika na Uarabuni, likidumu zaidi ya dakika sita karibu na Luxor, na India italiona jua likiwa limeliwa sehemu tu, kabla halijazama. Bila shaka safu za nyota zitaanza kuandikwa mapema. Naomba gazeti hili liwachapishie wasomaji saa za kugusa, za katikati na za kufunguliwa kwa kila mahali kutakapoonekana, na liseme wazi ni wapi hakutaonekana. Lieleze namna ya kuyalinda macho. Na litakapotaja desturi za Wahindu, liwaite Wahindu na si Wahindi, kwa kuwa India ina Waislamu, Wakristo na Masingasinga wasiofunga siku hiyo, kisha liwaulize wenyewe kabla ya kuandika. Kuhusu waja wazito, naomba yaandikwe maneno ya mkunga au daktari, wala wasiambiwe wakae bila maji.

Wasalaam,

Msomaji wako wa siku nyingi